Sura ya Sita: Jasho na Saa ya Ukutani

Baba yangu mdogo alikwama mlangoni. Alikuwa ametoka barazani vizuri, kwa hatua fupi fupi lakini zinazokwenda, mpaka alipofika kwenye kizingiti cha sebule. Hapo miguu ikaganda. Kiwiliwili kilikwisha kuinama kwenda ndani, nyayo zikabaki nje. Binti yake akamshika mkono ili amvute.

"Usimvute, mwanangu, utamwangusha baba yako," mama mdogo akapaza sauti kutoka uani. Akaja na mchi wa kinu, akaulaza sakafuni mbele ya vidole vya mumewe. "Haya, baba, vuka mchi."

Akauvuka. Mguu wa kulia uliinuka, ukatua upande wa pili, wa kushoto ukaufuata, na mzee akaingia sebuleni kama mtu asiyeumwa.

Hiyo ilikuwa Tanga, na mama mdogo hakuwa amesoma jambo hilo popote. Aliligundua kwa kumtazama mumewe siku baada ya siku: anakwama mlangoni, anakwama penye uwazi mwembamba kati ya meza na kochi, lakini akifika kwenye mtaro wa maji machafu nyuma ya nyumba anauvuka bila shida yoyote. Akajiuliza, kwa nini mtaro umshinde kidogo kuliko mlango? Ni swali ambalo wataalamu wa ubongo wamelishughulikia kwa miaka mingi, na jibu lake ndilo msingi wa sura hii.

Katikati ya ubongo, chini kabisa, kuna vijisehemu viwili vyenye rangi nyeusi. Chembe zake hutengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kufanya mambo yaliyozoeleka bila kuyafikiria: kupunga mikono ukitembea, kupepesa macho, kumeza mate, kugeuka kitandani. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa Parkinson chembe hizo hufa polepole, na mpaka mkono unapoanza kutetemeka nyingi huwa zimekwisha kwenda. Kinachoharibika zaidi ni ile njia ya mazoea. Njia nyingine, ile ya kufanya jambo kwa kukusudia, kwa kutazama shabaha na kuamua, hubaki na nguvu kwa muda mrefu zaidi. Kutembea kwenda sebuleni ni mazoea, kuvuka mchi ni kusudio. Mwaka 2010 daktari wa Uholanzi, Bastiaan Bloem, aliandika habari za mgonjwa wake wa miaka 58 ambaye hakuweza kupiga hatua chache bila kuganda na kuanguka, lakini akipandishwa kwenye baiskeli aliendesha vizuri kabisa. Aliposhuka tu, miguu ikaganda tena.

Kwa hiyo mazoezi ya mtu mwenye Parkinson si kunyoosha viungo ili visikakamae tu. Ni kuufundisha ubongo kupita njia ya pili, na kuifanya njia hiyo iwe pana.

Nianze na ukweli mmoja ili nisije nikaeleweka vibaya. Dawa iitwayo levodopa, iliyoingia katika tiba ya ugonjwa huu miaka ya 1960, mpaka leo ndiyo dawa yenye nguvu kuliko zote. Mwilini hugeuka kuwa dopamini. Hakuna zoezi wala chakula kinachochukua nafasi yake, na hakuna mgonjwa anayepaswa kuiacha ghafla kwa sababu ameanza kukimbia asubuhi. Kuiacha ghafla kunaweza kuhatarisha maisha. Ninachosema ni kwamba kidonge peke yake hufanya nusu ya kazi. Nusu nyingine iko nyumbani, mikononi mwa mgonjwa na watu anaokaa nao, na nusu hiyo huku kwetu hatujaishika.

Wala nisimlaumu yeyote. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba katika Wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, kwenye watu 161,071, waliwakuta 33 wenye Parkinson. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008. Asilimia 78 ya wagonjwa hao hawakuwahi kuambiwa na mtu yeyote jina la kinachowasumbua. Wenyeji waliuita ugonjwa wa kutetemeka, na wengi waliuhesabu kuwa uzee tu, au mkono wa mtu. James Parkinson mwenyewe, tabibu wa London, alipoandika kijitabu chake mwaka 1817 aliwaeleza watu sita tu, na baadhi yao aliwaona wakipita barabarani. Nina hakika wako wazee wengi wa aina hiyo wanaopita mitaani kwetu leo, wameinama, mkono mmoja haupungi, na sisi tunawapisha kwa heshima tukidhani ni umri.

Sasa mazoezi. Kosa linalofanywa na familia nyingi hutokana na upendo: mzee akigunduliwa anaumwa, anakalishwa. Analetewa maji kitini, anavishwa shati, kikombe cha chai kinashikwa na mjukuu. Baada ya mwaka mmoja hawezi tena kuinuka kwenye kile kiti, na watu husema ugonjwa umeongezeka. Kumbe sehemu ya kilichoongezeka ni kukaa.

Watafiti wamepima jambo hili kwa namna inayostahili kuelezwa. Uholanzi walichukua watu 130 waliokuwa katika hatua za mwanzo za ugonjwa. Nusu walipewa baiskeli za mazoezi nyumbani, wakanyage dakika 30 hadi 45, mara tatu kwa wiki, kwa miezi sita. Nusu nyingine walifanya mazoezi mepesi ya kujinyoosha. Matokeo yakatoka mwaka 2019. Wale wa kujinyoosha dalili zao za mwendo zilizidi, wale wa baiskeli karibu walibaki pale pale walipokuwa. Marekani, mwaka 2018, watu 128 ambao hawajaanza dawa walijaribiwa kwenye mashine ya kutembelea. Waliotembea kwa nguvu, moyo ukipiga kati ya asilimia 80 na 85 ya uwezo wake wa juu, dalili zao kwa miezi sita hazikusogea karibu hata kidogo. Walioendelea na maisha yao ya kawaida walirudi nyuma.

Tazama neno lililo ndani ya matokeo hayo: nguvu. Matembezi ya kwenda kwa jirani kuzungumza ni mazuri kwa roho, lakini hayatoshi kwa ubongo. Mazoezi yana dozi kama kidonge kilivyo na miligramu, na kipimo rahisi ni pumzi. Ukiweza kusema sentensi fupi lakini huwezi kuimba, uko mahali pazuri. Jasho litoke. Mwenye ugonjwa wa moyo, au anayezimia akisimama, aonwe kwanza na daktari, na mazoezi yafanyike ile saa dawa imeshika vizuri, si wakati mwili umekauka. Alfajiri au jioni, jua likiwa limetulia.

Mashine ya kutembelea hatuna, najua. Baba mdogo ana baiskeli yake ya zamani yenye stendi pana ya nyuma, ile inayoinua gurudumu hewani. Fundi aliifunga kwenye nguzo ya baraza isiyumbe, akaikaza breki ya nyuma kidogo ili kanyagio liwe zito. Mzee anakanyaga nusu saa huku redio ikiwa wazi, kijana mmoja akiwa karibu. Wasio na baiskeli wana kilima, wana ufuo wa bahari maji yakitoka, wana ngazi. Wana pia kiti: kaa pembeni ya kiti, rudisha nyayo nyuma, inama mpaka pua ipite vidole vya miguu, simama bila kushika kitu. Mara kumi, upumzike, mara kumi tena. Hilo la pua na vidole lifundishwe kila nyumba, kwa kuwa wengi hushindwa kuinuka si kwa udhaifu wa miguu bali kwa sababu hujaribu kusimama wakiwa wamenyooka mgongo.

Mwendo uwe mkubwa kuliko inavyoonekana inafaa. Ugonjwa huu hupunguza kila kitu: hatua, sauti, mwandiko, tabasamu. Mgonjwa hajui kwamba amepungua, kwake sauti yake iko sawa, ni wewe ndiye kiziwi. Ndiyo maana mwambie apige hatua kubwa mno, naye atapiga ya kawaida. Mwambie apaze sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto, naye atasikika mezani. Wataalamu wa Marekani walianza kufundisha sauti kwa namna hiyo mwaka 1987, kwa neno moja tu, sauti kubwa, na njia hiyo imesambaa duniani. Anayeimba kwaya asiache kwaya. Anayesoma Kurani kwa sauti baada ya alfajiri aendelee kuisoma kwa sauti.

Muziki una nafasi yake ya pekee, kwa kuwa mdundo hufanya kazi ileile ya mchi: unaupa ubongo kitu cha nje cha kukifuata. Kule Brooklyn, wacheza dansi wa kundi la Mark Morris walianza kuwafundisha wagonjwa wa Parkinson mwaka 2001, na St. Louis wamewafundisha tango. Sisi tuna chakacha, tuna dansi la kizamani lenye mdundo unaoeleweka, tuna ngoma za kila kabila. Sioni kwa nini mzee wa Bagamoyo angoje tango. Mwaka 2012 utafiti wa watu 195 kule Oregon ulionyesha kwamba mchezo wa Kichina wa tai chi, ule wa kuhamisha uzito polepole kutoka mguu hadi mguu, ulipunguza kuanguka kuliko kujinyoosha. Funzo lake si kwamba tujifunze Kichina, bali kwamba mizani ya mwili inafundishika hata kwa mgonjwa.

Wengine huenda mbali zaidi. Muhammad Ali, aliyempiga George Foreman mjini Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, aligunduliwa na Parkinson mwaka 1984 akiwa na miaka 42, na dunia nzima iliona mkono wake ukitetemeka alipowasha mwenge wa Olimpiki Atlanta mwaka 1996. Miaka kumi baadaye, Indianapolis, wagonjwa wa Parkinson wakaanza kuvaa glavu na kupiga mifuko ya mchanga. Hakuna anayempiga mwenzake, kichwa hakiguswi. Lakini ngumi inataka haraka, nguvu, mizani, macho na miguu kwa pamoja, yaani yote ambayo ugonjwa unayanyang'anya. Nimeona picha za bibi wa miaka sabini akirusha ngumi kwenye mfuko, na uso wake ulikuwa na uhai.

Mambo madogo ya usalama nitayapita haraka. Kandambili zitupwe, avae viatu vyenye kisigino kilichoshikwa. Mkeka unaokunjika uondolewe njiani. Akigeuka, ageuke kwa mzunguko mpana kama gari, asijizungushe papo hapo. Asiulizwe swali akiwa anatembea, kwani kujibu na kutembea ni kazi mbili, na moja itaanguka.

Nije kwenye chakula, na hapa kisa cha baba mdogo ni kirefu kidogo.

Alipoanza levodopa mkono ulitulia ndani ya wiki, nyumba nzima ikashukuru. Mwaka wa pili mambo yakaharibika. Asubuhi dawa ilikuwa haishiki mpaka karibu saa tano, siku nyingine haishiki kabisa. Wakaongeza vidonge kwa ushauri wa daktari, haikusaidia sana. Binti yake alikuwa akimpa dawa kila siku saa moja asubuhi pamoja na bakuli la uji wa lishe: mahindi, mtama, soya, karanga, na maziwa juu yake. Uji wa mapenzi. Nani angeushuku?

Levodopa ni ndugu wa protini. Imeumbwa kwa umbo la vile vipande ambavyo protini huvunjwavunjwa kuwa ndani ya tumbo, na inapita mlango uleule navyo, kwanza kwenye ukuta wa utumbo na tena kwenye mpaka wa damu na ubongo. Fikiria daladala moja kituoni saa ya watu kwenda kazini. Levodopa ni abiria mmoja mwembamba, soya na karanga na maziwa ni umati. Anaachwa. Dawa haikuwa imeisha nguvu, ilikuwa haijapanda gari.

Tiba yake ilikuwa saa ya ukutani. Vidonge vikahamishiwa saa kumi na mbili na nusu, kwa glasi kamili ya maji matupu, uji ukangoja nusu saa au zaidi. Kwa mchana, dawa nusu saa kabla ya kula, au angalau saa moja baada ya kula. Mwenye kichefuchefu anaweza kusindikiza kidonge kwa kipande cha muhogo wa kuchemsha au biskuti kavu, ambavyo havina protini ya kutosha kuleta msongamano. Chai ya maziwa, hapana. Vidonge vya kuongeza damu navyo vikae mbali na levodopa kwa saa mbili au zaidi, kwani madini ya chuma huifunga dawa tumboni.

Kwa wagonjwa ambao dawa inawapandisha na kuwashusha mara nyingi kwa siku, wataalamu wamekuwa wakishauri tangu miaka ya 1980 kwamba protini nyingi ya siku ihamishiwe chakula cha usiku: mchana wali, ugali, viazi, mboga na matunda; samaki, maharage, nyama na mayai viwe jioni, wakati mzee hana safari tena. Nasema ihamishwe, sisemi iondolewe. Nimewaona watu walioambiwa "protini inapigana na dawa" wakaacha samaki na maharage kabisa, na ndani ya miezi michache mapaja yakaisha. Ugonjwa huu wenyewe hukondesha. Mzee apimwe uzito kila mwezi, na anayepungua aongezewe parachichi, nazi na mafuta kwenye mboga. Na ambaye dawa yake inashika vizuri siku nzima hana sababu ya kuhangaika na ratiba ya protini.

Choo kigumu kinawasumbua wengi wao, mara nyingi miaka mingi kabla ya mkono kutetemeka, na tumbo lililofunga huchelewesha dawa kufika inapofyonzwa. Hapa jiko letu lina utajiri. Dona badala ya sembe. Papai, embe, mchicha, kisamvu, ukwaju, maharage ya jioni. Maji glasi sita hadi nane kwa siku kwa asiyekatazwa kwa sababu ya moyo au figo. Maji hayo husaidia pia shinikizo la damu lisishuke ghafla anaposimama. Wazee hukwepa maji kwa kuogopa kwenda haja usiku, basi wayanywe mengi kabla ya alasiri.

Akianza kukohoa kila anapokunywa chai, usikae kimya. Ni dalili kwamba koo linachelewa kufunga njia ya hewa, na chakula kinachoingia mapafuni kimewaua wengi wenye ugonjwa huu kuliko kutetemeka kwenyewe. Akae wima, ainamishe kidevu kidogo anapomeza, ameze tonge moja kabla ya jingine, asilale mpaka nusu saa ipite. Na apelekwe kwa mtaalamu.

Kuhusu dawa za asili, mtu atakuletea upupu. Ndiyo, upupu uleule wa kuwasha. Mbegu zake zina levodopa halisi, matabibu wa jadi wa India wamezitumia tangu zamani, na nchini Bolivia wagonjwa 18 waliopewa unga wa mbegu zilizokaangwa chini ya uangalizi walipata nafuu iliyolinganishwa na ya vidonge. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2017. Nauheshimu, hasa kwa nchi ambazo vidonge ni ghali au havipatikani. Lakini mbegu ya shamba hili si sawa na ya shamba lile, na anayeuchanganya na vidonge bila daktari kujua anaweza kuona vitu visivyokuwepo, kupinda mwili asiweze kuuzuia, au kuanguka kwa shinikizo kushuka. Mwambie daktari wako. Asipokusikiliza, mwambie tena.

Wanaouza chupa za "kulisha ubongo" nao hawana jibu. Vitamini E ilijaribiwa kwa watu 800, matokeo yakatoka mwaka 1993: hakuna faida. Koenzaimu Q10, inayouzwa ghali mno, ilijaribiwa kwa watu 600 kwa kiwango kikubwa na matokeo ya mwaka 2014 yalikuwa yaleyale. Fedha hiyo inunue papai na viatu.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji mazungumzo ya mapema. Vidonge vinavyotakiwa mara tatu au nne kwa siku havikai ndani ya usiku bila kuharibu mchana, na dini imempa mgonjwa ruhusa iliyo wazi. Mzungumzeni na daktari na sheikh wiki kadhaa kabla, mzee asije akaacha dawa kimyakimya kwa aibu.

Mchi wa mama mdogo hauko tena pale mlangoni. Mtaalamu wa fiziotherapia alipoitembelea ile nyumba alisifu akili yake, kisha akasema mchi unabingirika na siku moja utamwangusha. Wakachora sakafuni mistari minne ya rangi nyeupe, mmoja baada ya mwingine, kutoka barazani hadi ndani. Mzee anaivuka mmoja mmoja huku akihesabu kwa sauti. Bado anaumwa, na mkono wa kushoto sasa umeanza kutetemeka.

Kama nyumbani kwako yupo wa namna hii, chukua daftari la shule. Kwa siku saba andika saa aliyomeza dawa, saa aliyokula na alichokula, saa mwili ulipofunguka na saa ulipofunga, na dakika alizotoka jasho. Siku ya kliniki mpe daktari daftari hilo kabla hajauliza swali la kwanza.